Kipande Kisichokata

Leo usiku ukilala, angalia juu. Kama nyumba unayokodi haina dari, na nyingi za mabati hazina, utaziona mbao zilizobeba paa. Nyingine zimenyooka, unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyingine zina mawimbi: zinaanza na inchi mbili, zinafika katikati zikiwa moja na nusu, halafu zinanenepa tena kama mtu aliyerudi kukaa kwa mamake. Hizo za mawimbi huenda zilipasuliwa shambani kwa pawaso, ule msumeno wa mnyororo unaosikika kutoka ng'ambo ya bonde. Aliyezipasua hakuwa lazima mlevi. Inawezekana pia meno ya msumeno wake yalikuwa makali kabisa, yamenolewa asubuhi hiyo hiyo. Mara nyingi kinachompotosha mpasuaji ni kipande ambacho hakikati chochote.

Kipande chenyewe ni lile bapa refu la chuma linalochomoza mbele ya mashine, ambalo cheni hulizunguka. Dukani utaambiwa "baa na cheni," lakini mimi nitaliita bapa tu, mtu asije akadhani tunaongelea mambo ya Ijumaa jioni. Kwenye ukingo wake, pande zote, kumechimbwa mfereji mwembamba. Cheni ina meno ya juu yanayokata mti na vidole vya chini vinavyopita ndani ya mfereji huo. Kuta mbili za mfereji ndizo reli ambazo cheni imezikalia. Kwenye ncha, mabapa mengi yana kigurudumu cha meno kinachoisaidia cheni kupiga kona. Huku nyuma kuna tundu dogo la oili. Basi, ni hayo tu.

Kazi yake yote ni kushikilia njia, na kwa sababu halikati, watu hawalitazami. Pawaso ikianza kukata vibaya, kitu cha kwanza mtu anachofanya ni kunoa cheni. Kama bado inapinda, ananoa tena. Wiki inayofuata ananunua cheni mpya, anaivisha bapa lilelile lililolika upande mmoja, na cheni mpya inapinda vilevile, kisha inazeeka kabla ya siku zake kwa sababu inasuguana na njia mbovu. Najua msomaji wa Kenya ameshaona mfano huu unaweza kutupeleka wapi, kila baada ya miaka mitano. Siendi huko. Nataka tubaki na chuma.

Swali langu ni dogo kuliko hilo, ila kwangu ndilo gumu: mtu ana deni gani kwa kifaa anachotumia? Na kama deni lipo, anayemdai ni nani hasa, kwa kuwa chuma hakiwezi kudai?

Wahenga walituachia usipoziba ufa utajenga ukuta, na walimu wetu wa shule ya msingi wakahakikisha tumeiandikia insha kila muhula. Sina ugomvi na methali hiyo ila kwa jambo moja. Inakuhesabia hasara yako mwenyewe. Inachukulia kwamba mwenye ufa ndiye mwenye ukuta, kwamba ukipuuza leo utalipa wewe kesho, na hivyo uangalifu unakuwa ni ujanja wa mtu mwenye akili. Lakini angalia namna watu wetu wanavyofanya kazi. Mwenye pawaso mara nyingi yuko mjini, au ni mwalimu, au ana duka la kuuza simiti. Anayeishika ni kijana anayelipwa kwa siku au kwa futi za mbao alizotoa. Mwenye mti ni mama anayeuza migrevilea miwili, ile tunayoiita mukima, ili karo ipatikane. Ni mpango uleule wa boda: pikipiki ya mtu, mgongo wa mwingine, na hesabu ya jioni katikati yao. Sasa kingo za bapa zikianza kulika, ni zamu ya nani kuziba ufa?

Mwenye mashine atasema kijana ndiye anayeitumia. Kijana atasema mashine si yake na dakika za kupiga tupa hakuna anayezilipa. Mama hajui hata kama bapa lipo. Kila mmoja ana hoja, na hoja zote ni za kweli, na bapa linaendelea kulika.

Linalika kwa namna ya pekee. Unapokata kwa kawaida unaegemeza mti kwenye ukingo wa chini, kwa hiyo ukingo wa chini ndio unaopata mateso. Chuma kinasagika, na kinachosagika hakipotei chote: kingine husukumwa pembeni kikawa vinyuzi vikali vinavyochomoza kandokando ya reli. Pitisha kidole (taratibu, tafadhali) na utavihisi. Mfereji unajaa unga wa mbao uliochanganyika na oili ukawa ugali mweusi, na ugali huo unaziba tundu la oili. Oili isipofika, cheni inasugua chuma kikavu, na chuma kikipata joto la kutosha kinageuka rangi, kinakuwa na madoa ya bluu. Reli moja ikilika kuliko nyenzake, cheni inalala upande, na kuanzia hapo kila mpasuo utakuwa na maoni yake.

Hakuna siku hata moja unayoweza kuionyesha kidole ukasema, leo ndipo lilipoharibika. Kila siku limelika kiasi ambacho macho hayaoni. Hapo ndipo lawama hupotelea. Sisi ni hodari wa kulaumu tendo: fulani alivunja, fulani aliangusha, fulani aliiba. Uchakavu hauna fulani. Ukimwuliza kila mtu aliyeshika mashine hiyo tangu Januari, kila mmoja atakuambia aliikuta hivyo, na hatakuwa anadanganya.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu historia ya kifaa hiki ina jambo ambalo sikulitarajia. Msumeno wa mnyororo haukuanzia msituni. Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wawili wa Uskoti, John Aitken na James Jeffray, walitumia mnyororo wenye meno, uliovutwa kwa mikono, kukata mifupa. Aitken aliukusudia kwa wanawake waliokwama katika kujifungua, Jeffray kwa viungo vilivyooza. Ulikuwa kama uzi wenye meno, bila bapa. Halafu, mnamo 1830 hivi, Mjerumani Bernhard Heine wa Würzburg akatengeneza kifaa cha upasuaji ambacho mnyororo wake ulizunguka kwenye bapa, ukiendeshwa kwa kuzungusha mkono wa gurudumu la meno. Shida aliyotaka kuitatua ilikuwa kukata mfupa bila kuupasua vipande na bila kurarua nyama iliyo kando. Kukata kulishawezekana. Heine alitaka kukata hapa na kuacha pale.

Karne iliyofuata injini zikaingia, mashine ikatoka hospitalini ikaenda kwenye miti. Kila anayependa hadithi hizi atakusimulia habari za Joseph Cox, mkata miti wa Oregon huko Marekani, ambaye katika miaka ya 1940 alimtazama buu wa mbawakawa akitafuna gogo kushoto na kulia, akaiga taya zake kutengeneza jino la cheni. Ni hadithi tamu, na ni ya kweli. Ila ni hadithi ya jino. Ya bapa sijawahi kusimuliwa.

Haya, linatunzwaje? Nitaeleza, kwa sababu ukiongea juu ya wajibu bila kusema wajibu wenyewe ni dakika ngapi, unahubiri tu.

Unazima mashine na kuiacha ipoe. Unatoa cheni na bapa. Unakwangua mfereji kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kitu chembamba. Kuna kikwaruzo maalumu kinachouzwa kwa kazi hiyo, lakini kipande cha msumeno wa chuma uliokatika kinafanya kazi ileile. Unazibua tundu la oili kwa waya. Kisha unalisimamisha bapa kwa ukingo wake juu ya kitu kilichonyooka kabisa, kioo kwa mfano. Likisimama wima, reli zako ziko sawa. Likiinama, umepata jibu la mbao zenye mawimbi. Hapo unalibana kwenye jiriwa na kuchukua tupa bapa, ile ya kawaida ya fundi, unapiga mikono mirefu kutoka upande mmoja hadi mwingine, tupa ikikaa pembe mraba na bapa, hadi reli zote mbili zilingane. Kuna kishikio kinachoishikilia tupa katika pembe hiyo ili mkono usiyumbe, na kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu, nunua hicho. Vile vinyuzi vya pembeni unaviondoa kwa tupa hiyohiyo. Kama reli zimefunguka, kwa sababu mtu aliuchokonoa mti kwa bapa kama nyundo ya misumari, unaweza kuzigonga taratibu zirudi, ukiwa umeweka kipande cha chuma cha unene sawa ndani ya mfereji ili usije ukauziba kabisa. Kigurudumu cha ncha, kama kina tundu la grisi, kinapewa grisi. Na unaporudisha bapa unaligeuza, lililokuwa juu linakuwa chini, ili pande zote mbili zigawane mateso.

Cheni ikisharudi, kuna vipimo viwili vidogo. Ukiivuta kidogo na kuiachia, irudi kukalia bapa yenyewe. Na ukielekeza ncha juu ya kisiki kisafi na kuongeza mafuta, mstari mwembamba wa oili uonekane umerushwa pale. Usipoonekana, anza upya na waya.

Ukizoea ni robo saa. Siku ya kwanza ni saa nzima na matusi kadhaa.

Wapo wanaotumia grainda badala ya tupa, na ninawaelewa, kwa sababu grainda ina haraka na ina cheche, na cheche huonekana kama kazi. Lakini grainda mkononi mwa mtu mwenye pupa huchoma reli, na chuma kilichochomwa hupoteza ugumu wake. Tupa ni polepole kiasi kwamba unaona unachokifanya kabla hujakifanya kupita kiasi. Wapo pia wanaomimina oili chafu ya gari kwenye tangi la oili ya cheni, kwa sababu haina bei. Oili hiyo imebeba masizi na chembe za chuma, kwa hiyo unailainisha cheni kwa kitu kinachoisaga. Halafu kuna jambo ambalo mtu halifikirii hadi aambiwe: oili ya cheni hairudi kwenye mashine. Yote, tone kwa tone, inarushwa na kuishia kwenye udongo wa yule mama.

Na mwisho wa bapa upo. Siku vidole vya cheni vitakapogusa sakafu ya mfereji, hakuna tupa itakayokusaidia.

Kwa hiyo wajibu tunaouzungumzia ni robo saa, tupa, waya, na macho. Kinachonisumbua ni kwa nini kitu chepesi hivyo hakifanywi. Jibu la haraka ni uvivu, na mimi silikubali. Kijana anayebeba pawaso kilo sita au saba kupanda mteremko akiwa na gambuti na bila suruali ya kinga hawezi kuitwa mvivu na mtu anayeandika akiwa ameketi. Analipwa kwa futi. Mtu anayelipwa kwa futi ameshaambiwa, bila maneno, kwamba robo saa ya tupa ni zawadi anayompa tajiri wake kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Tajiri amenunua mikono, na macho yakabaki nje ya mapatano. Halafu bapa likichakaa anauliza, "Kwani hukuona?"

Hapo ninaegemea upande mmoja waziwazi. Anayeona ndiye mwenye wajibu wa kusema na wa kushughulika. Hilo halimwondokei kijana hata kama mashine ni ya mtu, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kujua, na kwa sababu cheni ikiruka kwenye bapa lililolika, mguu ulio karibu ni wake. Lakini anayemiliki ndiye mwenye wajibu wa kununua muda wa kuona. Akikataa kuununua, uchakavu ni wake, hata kama hajawahi kuigusa mashine. Watu wa matatu na wa boda watanielewa. Ukimpa mtu hesabu ambayo haiachi nafasi ya kukaza breki, umeshaamua habari ya breki.

Yule mama je? Yeye ndiye asiyekuwa kwenye mkataba wowote, na ndiye anayelipa zaidi. Mpasuo mmoja wa cheni hula takribani milimita 8 za mti, na unaweza kuzidi hapo. Msumeno wa mkanda wa kiwandani unaweza kula milimita 2 au 3 tu. Gogo moja likipasuliwa mara 10 kwa pawaso, sentimita 8 za mti zimegeuka unga chini: karibu mbao tatu za unene wa inchi moja. Na hapo ni bapa zima, mkono mtulivu, kila kitu kikienda vizuri. Bapa likiwa limelika upande, mpasuo unapanuka na kupinda, na ubao wa mawimbi hauna thamani ya sehemu yake nene. Seremala anaupiga randa hadi kwenye sehemu yake nyembamba kuliko zote. Kilichobaki ni maranda ya kulalia kuku. Mti alioupanda mtoto wake akiwa darasa la kwanza, ukasubiriwa miaka 15 au 20, unatoa mbao nane mahali pangepatikana kumi na moja, na hatajua kamwe kwamba zilikuwa kumi na moja.

Ndiyo maana nasema deni hili si la chuma. Chuma ni mahali tu ambapo deni limewekwa.

Lakini kuna swali baya zaidi, na siwezi kulizunguka. Huyu ndugu ninayemwandikia mwongozo wa kutunza bapa anakata miti. Tuko katika nchi iliyojiwekea shabaha ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, nchi ya Wangari Maathai, ambamo mwaka 2020 mugumo mmoja kando ya Waiyaki Way ulisababisha kelele hadi barabara ikapangwa upya kuukwepa. Kwa vijana wengi wa Nairobi mlio wa pawaso ni mlio wa adui, na si bila sababu. Ufilipino wamekuwa na sheria tangu 2002 inayofanya kumiliki tu mashine hii bila kibali kuwa kosa. Basi kuitunza vizuri si ni kumnolea adui panga?

Nimelifikiria jambo hili kupitia mjomba wangu, ambaye alikuwa na pawaso Elburgon, mji uliojengwa kwa mbao. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Ilisemwa ni siku 90. Siku 90 zikazaa nyingine, hadi Julai 2023 Rais alipotangaza kuondoa marufuku hiyo na jambo likaishia mahakamani. Katika miaka hiyo viwanda vya mbao vilinyamaza, vijana wakaenda Nakuru na Nairobi kutafuta boda. Kazi za mashamba ya watu binafsi zilikuwepo, chache, na kila mwenye mashine alizigombania. Pawaso ya mjomba ilikaa chini ya kitanda miezi mingi. Na kila mwezi aliitoa, akalivua bapa, akakwangua mfereji kwa sababu oili iliyokaa hugeuka gundi, akalipaka oili mpya, akalifunga kwa gazeti.

Nikamwuliza, "Mjomba, si wamefunga?"

"Wamefunga msitu," akasema. "Kutu hawakuifunga."

Jirani yake, mzee wa kanisa na mtu wa miche, aliona tendo lilelile kwa jicho lingine. Alisema mjomba anafanana na mchinjaji anayenoa kisu akiangalia ng'ombe wa watu. Nilikasirika kwa niaba ya mjomba, lakini siwezi kusema yule mzee alikosea kabisa. Bapa safi halisemi linasubiri nini. Mwizi anayeingia msituni usiku bila kibali, kosa linalojulikana katika Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, ana sababu nzuri zaidi kuliko mtu yeyote ya kutaka pawaso isiyokwama. Huyo pengine analitunza bapa lake kuliko mjomba.

Mfano wa jirani, hata hivyo, unanisaidia mimi zaidi kuliko ulivyomsaidia yeye. Tuna desturi kuhusu kuchinja. Mtu hanoi kisu mbele ya mbuzi, na hachinji kwa kisu butu. Anayechinja kwa kisu butu ametenda ubaya hata kama mbuzi ni wake, kamlea, na wageni wamefika. Na hakuna aliyewahi kusema kwamba kisu kikali kinamhalalisha mbuzi wa wizi. Hayo ni maswali mawili, na bibi zetu waliyajua bila kusoma falsafa. La kwanza: una haki ya kuchukua uhai huu? La pili: ukishaamua kuuchukua, unauchukuaje? Jibu zuri la pili halifuti jibu baya la kwanza. Lakini hata jibu baya la kwanza halikupi ruhusa ya kupuuza la pili.

Tunachanganya hapo, kwa pande zote mbili. Wapenda miti wengine hudhani kwamba kwa kuwa kukata ni kubaya, kukata vizuri ni unafiki tu, kwa hiyo hawana neno la kumwambia kijana wa pawaso ila "acha." Naye haachi, kwa sababu mama ana karo na wewe unahitaji paa. Mafundi wengine nao hudhani kwamba kwa kuwa wanakata vizuri, hawana haja ya kuuliza mti ni wa nani. Nimewasikia wote wawili, na wote wanaongea kana kwamba mti ukianguka hesabu imefungwa. Mimi nadhani ukianguka ndipo hesabu nyingine inafunguliwa: umeshauchukua, sasa usiutawanye. Mti uliosimama ulidai uulizwe. Mti uliolala unadai mbao kumi na moja.

Sidai kwamba tupa humfanya mtu kuwa mwema. Ila nimeona jambo moja katika ile robo saa. Ni muda pekee katika siku ya pawaso ambapo injini imezimwa na mtu ameketi karibu na kazi yake bila kelele. Anaangalia reli. Anaona upande uliolika na anakumbuka kwa nini: ule mkaratusi wa juzi alioulazimisha, au lile gogo alilolikata hadi likagusa mchanga. Kama kuna wakati mtu anaweza kujiuliza kama mti wa kesho ni wa kukatwa, nadhani ni huo. Pengine hajiulizi. Pengine anawaza Arsenal.

Mjomba siku hizi mgongo umemkataa, mashine anaishika kijana wa hapo jirani. Mapatano yao yako kwenye daftari la shule, na nimeliona. Robo saa ya asubuhi imeandikwa kama kazi na inalipwa, hata siku ambayo mti haukupatikana. Bapa lina alama mbili za rangi, nyekundu na nyeupe, na kila cheni inaponolewa kijana anaandika ni rangi gani iko juu. Kwenye ukurasa wa mwezi uliopita ameandika kwa kalamu kwamba mfereji umebaki kina kidogo, vidole vinakaribia sakafu. Chini yake mjomba ameandika "tungoje mwisho wa mwezi." Kijana ameikata sentensi hiyo kwa mstari mmoja, akaandika bei ya bapa jipya.